"Had had" kwenye sentensi moja, ni sahihi?

Mama Zuu: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa kidato cha pili ana zoezi lenye "She had had lunch before we arrived." Anasema mchapaji kakosea. Mimi muuza vitenge, Kiingereza changu ni cha wateja tu. Nimwambieje?

Mgosi wa Tanga: Iko sawa, mama. "Had" ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ni umbo la tatu la "have". Weka "eaten" uone: "She had eaten lunch." Kwetu ni "alikuwa ameshakula", vitenzi viwili vilevile. Na "had" haibadiliki, iwe "I", "she" au "they".

Chalii wa Chuga: Si "before" imeshaonyesha kipi kilitangulia? Kwa nini nisiseme tu "She had lunch before we arrived"?

Mgosi wa Tanga: Sema tu, chalii, Waingereza wenyewe husema hivyo. Ila jaribu "when". "When we arrived, the bus left": mmefika, ndiyo linaondoka. "When we arrived, the bus had left": mmekuta vumbi. Hapo ndipo "had" inapokula mshahara wake. Sio kuijaza insha nzima kama walimu wengine wanavyotaka. "I saw him yesterday" haiihitaji kabisa.

Mama Zuu: Ubarikiwe. Na "he'd gone" na "he'd go"?

Mgosi wa Tanga: Angalia kinachofuata. "Gone" ni umbo la tatu, basi hiyo ni "had". "Go" ni "would".