Ulinganisho: modeli moja ya malipo, skima mbili za XML zenye nafasi tofauti za majina

Nyalenda_Msimbo (Kisumu)

Salamu wanajukwaa. Ninatunza mfumo wa C# ambao chama kimoja cha ushirika huutumia kuwalipa wakulima wa maziwa kila mwisho wa mwezi. Hadi sasa tumekuwa tukiipelekea benki moja faili ya XML ya ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha, toleo la pain.001.001.03. Chama kimefungua akaunti katika benki ya pili, nayo inataka pain.001.001.09. Ukizitazama haraka, faili hizi ni mapacha, lakini kila toleo lina nafasi yake ya majina (namespace), yaani anwani inayoonyesha elementi ni za toleo gani: ya kwanza ni urn:iso:std:iso:20022:tech:xsd:pain.001.001.03, na ya pili huishia kwa 09. Klasi zangu zimebandikwa ile ya kwanza katika kila anotesheni, yaani alama zinazoeleza jinsi klasi inavyoandikwa katika XML.

Ninaona njia tatu. Naweza kunakili klasi zote. Naweza kubadilisha anotesheni wakati programu inaendelea kufanya kazi, kwa XmlAttributeOverrides. Au naweza kuiandika faili kama kawaida, kisha nikabadilisha 03 kuwa 09 katika maandishi. Hii ya tatu ni kazi ya dakika tano na ndiyo inayonivutia, kwa hiyo naomba anayenikataza anipe sababu.

Mkakamega

Ndugu, sababu ni kwamba toleo lilipobadilika halikubadilisha jina peke yake. Katika 03, elementi ya ReqdExctnDt hubeba tarehe yenyewe. Katika 09 tarehe hiyo lazima iwekwe ndani ya elementi nyingine, Dt, au DtTm ikiwa saa pia inatakiwa. Elementi ya BIC inayoitambulisha benki nayo imekuwa BICFI. Ukibadilisha tarakimu mbili tu katika anwani, utakuwa umetangaza kwamba waraka ni wa 09 ilhali mwili wake ni wa 03, na skima, yaani kanuni za muundo wa faili, itaukataa kwa haki. Kama maumbo yangekuwa sawa kabisa, ningekunyamazia, ingawa hata hapo kubadilisha maandishi kunaweza kugusa 03 iliyomo katika namba ya akaunti ya mkulima.

Mama Wawili (Nakuru)

Nakubaliana na Mkakamega, na ninaongeza onyo kuhusu njia ya pili, kwa kuwa niliwahi kuumia nayo. XmlAttributeOverrides inafanya kazi, lakini unapoiweka anotesheni mpya juu ya sehemu fulani, zile za zamani za sehemu hiyo hupuuzwa zote, kwa hiyo inakubidi uziandike upya moja baada ya nyingine. Lililo baya zaidi ni kwamba XmlSerializer, klasi ya .NET inayogeuza objekti kuwa XML, huzalisha msimbo wake yenyewe kila inapoundwa, na msimbo huo huhifadhiwa na kutumiwa tena kwa viundaji (constructors) viwili tu: kile kinachopokea aina peke yake, na kile kinachopokea aina pamoja na nafasi ya majina ya chaguo-msingi. Ukipitisha overrides, kila kuunda huacha mabaki katika kumbukumbu ya seva. Sisi tulikuwa tukiiunda upya kwa kila mkulima, na huduma ikawa inazimika kila alasiri hadi tulipoihifadhi ile moja katika kamusi (Dictionary) ya programu na kuitumia tena.

Hicho kiundaji cha pili ndicho ambacho wengi hukisahau. Ziondolee klasi zako anotesheni za nafasi ya majina, kisha ipitishe nafasi hiyo unapounda XmlSerializer, na klasi zilezile zitaandikwa katika nafasi yoyote unayoitaka bila mabaki. Kwa maumbo yanayofanana sijaona njia safi kuliko hiyo. Kwa kesi yako haitoshi, kwa sababu ya tarehe na BICFI.

Chipukizi_Bungoma

Samahani kwa kuuliza swali la mwanafunzi: nikiunda elementi zangu mwenyewe kwa XElement, klasi ya .NET ya kujenga XML, mtoto wa kwanza hutoka akiwa na xmlns="" ambayo sikuiandika. Inatoka wapi?

Mkakamega

Umempa mzazi nafasi ya majina, ukamwacha mtoto bila yoyote. Nafasi ya chaguo-msingi hurithiwa katika maandishi, lakini objekti hairithi kitu, hivyo programu inayoandika XML hulazimika kutangaza kwamba mtoto yuko nje ya nafasi ya mzazi. Usiifute kwa mkono. Mpe kila mtoto jina kamili. Kumbuka pia kwamba atributi isiyo na kiambishi haimo katika nafasi ya chaguo-msingi hata kidogo, na hapo ndipo wengi hupotelea.

Fundi_Kitale

Kwa upande wa Java mjadala huu huisha mapema, kwa kuwa JAXB, maktaba ya Java ya kugeuza objekti kuwa XML, huweka nafasi ya majina katika package-info.java, yaani moja kwa kila pakiti, hivyo unasukumwa kuwa na pakiti mbili za klasi zilizozalishwa kutoka skima mbili. Mtu asisahau kuweka elementFormDefault iwe QUALIFIED, la sivyo mzizi pekee ndio utakaokuwa na nafasi, na tangu Java 11 maktaba yenyewe huongezwa kando. XSLT, lugha ya kubadilisha muundo wa XML, nayo ni njia halali ya kugeuza 03 kuwa 09, ila kosa likitokea utalitafuta katika lugha ambayo hakuna mwingine ofisini anayeisoma.

Nyalenda_Msimbo (Kisumu)

Asanteni, dada yangu wa Nakuru na wenzangu wote. Nimeamua hivi: modeli ya ndani ya malipo imebaki moja, haina anotesheni yoyote ya XML, na nimezalisha seti mbili za klasi kwa xsd.exe, zana inayozalisha klasi kutoka skima, moja kwa kila skima, pamoja na vitendakazi (functions) viwili vifupi vya kuhamisha data kutoka modeli ya ndani. Klasi hizo ni nyingi na hazipendezi, lakini hakuna anayeziandika kwa mkono, na tofauti ya tarehe sasa inaonekana katika mstari mmoja wa msimbo badala ya kufichwa ndani ya overrides.

Faili zote mbili za majaribio zimepita ukaguzi wa skima. Hata hivyo CtrlSum, jumla ya fedha zote, haikuwamo katika yoyote kati yake. Kando ya elementi ya hiari yenye thamani ya namba, xsd.exe huweka sehemu ya ndiyo au hapana, hapa CtrlSumSpecified, nami nilikuwa nimeiacha katika hapana. Kwa kuwa elementi ni ya hiari, skima haikuwa na la kulalamikia. Sasa nimeandika jaribio linalosoma faili iliyokwisha kuandikwa na kulinganisha jumla hiyo na ile ya modeli ya ndani, kwa matoleo yote mawili.