Ushauri: Honda Fit ya 2004 mkononi mwa mtu, niichukue au niiache? Nipo Tanga

Mama Pacha: Habari za saa hizi wapendwa, naombeni ushauri maana hata usingizi sipati vizuri. Mimi ni nesi, naishi Pongwe kazi iko mjini, na zamu za jioni zinanitesa, ukitoka usiku daladala ni za kugombania na boda saa hizo naogopa. Kuna Honda Fit ya 2004, cc 1,300, namba C, rangi ya bluu, bei milioni 6.8. Nimeipanda, ni tamu jamani, ndani pana kuliko unavyoiona kwa nje na ac inapiga hadi unaomba sweta. Swali langu ni dogo tu, inakula mafuta kiasi gani na spea zake hapa Tanga zinapatikana? Msinitukane, ndio gari yangu ya kwanza.

Ndinga Safi: Achana na Fit dada, tafuta IST. Ipo ya 1.3 na ya 1.5, zimeanza kutoka 2002, fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua, spea kila duka. Ukichoka unaiuza asubuhi, mchana pesa mkononi. Mimi yangu nimeenda nayo mpaka Kigoma na familia, sijafungua boneti njiani, nakumbuka tulipofika Tabora mvua ilikuwa ya kutisha yani

Mama Pacha: Asante kaka ila IST nilizoona ni kuanzia 9 huko, sina. Naulizia Fit.

Bint Sahare: Mimi nimekaa na Fit miaka sita ngoja nikwambie ukweli wake. Mafuta inanusa, mjini nilikuwa napata kilomita 13 mpaka 14 kwa lita, njia kuu 16 ukiendesha kwa ustaarabu. Tenki lake ni lita 42, nikijaza Tanga nafika Dar, hiyo ni kama km 350, nazunguka siku mbili ndio nafikiria kituo cha mafuta. Halafu tenki lenyewe wamelilaza chini ya viti vya mbele sio nyuma kama gari nyingine, ndio maana viti vya nyuma unaweza kunyanyua kikalio kikasimama wima ukaweka kitu kirefu, mimi nimebeba cherehani ya miguu imesimama, nimebeba mche wa mwembe haukuvunjika tawi. Hakuna Vitz inayofanya hivyo. Spea ndogo ndogo zipo, kubwa unaagiza Dar jioni, kesho unazipokea Kange kwenye basi. Niliiuza kwa sababu tumeongezeka nyumbani tu, na siku ile inaondoka nililia.

Mzee wa Ngamiani: Binti yangu, umesema ni gari ya kwanza, sijaona umesema habari ya kiwanja. Kijana akianza na gari kabla ya paa huwa anajenga akiwa mzee. Mimi nimeendesha baiskeli barabara zote ishirini na moja hizi za Ngamiani mpaka watoto wamemaliza chuo. Fikiria.

Mama Pacha: Shikamoo mzee wangu. Kiwanja kipo Pongwe, msingi umeshapigwa. Gari ni kwa ajili ya usalama wangu usiku, sio fahari.

Fundi Mabawa: Dada kabla ya mafuta nijibu mambo mawili. Asubuhi ukiiwasha, ukaweka D, ukaachia breki taratibu, inaondoka laini au inatetema? La pili, zaidi ya Pongwe na mjini utaenda nayo wapi?

Mama Pacha: Zaidi ni mjini tu.

Fundi Mabawa: Na la kwanza?

Mama Pacha: Inatetema kidogo ukianza kuondoka lakini ikishakimbia inatulia kabisa, mwenye gari anasema ni baridi ya asubuhi ndio maana. Na safari nyingine labda mara mbili kwa mwezi nitakuwa napanda Lushoto kuchukua karoti na kabichi, nina mteja wa mgahawa hapa mjini. Sio mzigo mkubwa, magunia mawili matatu.

Kaka Duga: Baridi ya TANGA???

Ndinga Safi: Hapa mtu saa kumi na moja alfajiri analala na feni, gari ndio lione baridi 😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala

Fundi Mabawa: Msicheke, aliyemwambia hivyo anajua anachofanya. Dada soma polepole. Hiyo Fit ya kwanza, ile ya 2001 mpaka 2007, nyingi zina gia ya CVT, hakuna gia ya kwanza ya pili ya tatu, ndani kuna mkanda wa chuma unapanda na kushuka kwenye puli mbili. Oto nyingine zina tokonveta ya kulainisha pale unapoondoka, hii haina, ina klachi ya kuondokea inayoogelea kwenye oili, na hiyo ndiyo inashika ukiachia breki. Oili ikichakaa, au mtu akaweka ATF, ile oili ya kawaida ya gia za oto, kwa sababu ni rahisi badala ya HMMF, oili yenyewe ya Honda ya CVT hizi, ile klachi inashika inaachia inashika inaachia, ndio hicho unachokiita kutetema. Toleo lililofuata walirudisha tokonveta, shida hii ikaisha. Sasa ukiiwahi unamwaga oili unaweka ya kwake, lita tatu na kitu, halafu klachi inafundishwa upya kwa utaratibu wake, watu wengi wanaruka hiyo hatua ya mwisho kisha wanasema gari bovu. Ukichelewa ni giaboksi nzima. Na hiyo njia ya Lushoto, kutoka Mombo kupanda Soni na magunia matatu, unasimama kwenye kona kupisha lori kisha unaondoka mlimani, hapo ndipo klachi inapoumia kuliko mahali popote. Usilipe hata shilingi kabla sijaiona, nipo Mabawa, kuangalia sikutozi.

Mama Pacha: Asante sana kaka. Ila nahisi sio tatizo kubwa kiasi hicho, mwenye gari ameitumia miaka mitatu haijamlaza njiani hata siku moja. Injini imetulia unaweza kudhani imezimwa.

Bint Sahare: Injini ni kweli haina shida, ni ya cheni sio mkanda. Hata yangu gia ndio ilinisumbua mwaka wa tano, sikutaka kusema mapema nikaonekana naiponda. Dada umeshalipa?

Mama Pacha: Tulikuwa bado tunaongea.

Bint Sahare: Sijauliza kama mnaongea mpenzi.

Mama Pacha: Nimetoa 4. Imebaki 2.8. Ni hela ya kikoba, marejesho yanaanza mwezi ujao. Na mwenye gari ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, sio mtu baki. Baba watoto yuko Mtwara kikazi, amesema mimi na shemeji tuelewane tu. Hatukuandikishana maana ni ndugu, ningemtolea karatasi angeona namdharau. Kadi nimeiona kwa macho ni orijino. Jamani na mimi nilikuwa naogopa mtu mwingine asiichukue, gari ya bei hii haikai.

Mzee wa Ngamiani: Ndugu ndio wa kuandikishana naye, wa mbali utamshitaki, ndugu utamshitaki kwa nani?

Kaka Duga: Mimi shemeji aliniuzia pikipiki yenye deni la bodi nzima ya kijiwe, mpaka leo idd hatukai mkeka mmoja. Ile pikipiki ilikuwa na

Jicho Pevu TA: Wakuu samahani nawakatisha. Mnapoteza muda na bando. Huyu ni dalali. Jumamosi kwenye grupu moja la mauzo la WhatsApp limepita tangazo la Fit ya bluu, 2004, namba C, 6.8, neno kwa neno "ndani pana, ac inapiga". Leo nesi wa kike anakuja hapa na mapacha na zamu za usiku, anaisifia kwanza halafu anajifanya kulia. Na Bint Sahare kaja kuimwagia sifa, tenki chini ya viti, mche wa mwembe. Fungueni macho.

Ndinga Safi: Duh. Kumbe ndio maana IST hakuitaka!

Bint Sahare: Wewe Jicho Pevu nimo humu muda mrefu kuliko wewe, sijawahi kuuza hata sindano. Niombe radhi.

Kaka Duga: Mods fungeni uzi

Mama Pacha: Kaka Jicho Pevu, mimi sio dalali na sikukasirikii. Nakuomba kitu kimoja tu. Kwenye hiyo picha, taa ya nyuma ya kulia ina plasta nyekundu?

Jicho Pevu TA: Ndiyo inayo. Na kwenye kioo cha nyuma kuna stika ya samaki wa njano.

Mama Pacha: Ile stika wanangu ndio waliichagua. Nimeibandika kwa mkono wangu Ijumaa jioni, imekaa upande kwa sababu mdogo alikuwa anavuta kona. Hela nilikuwa nimeshatoa Jumatano.

Fundi Mabawa: Kwa hiyo picha imepigwa baada ya advansi yako.

Mama Pacha: Ndiyo.

Jicho Pevu TA: Dada nisamehe. Bint Sahare na wewe nisamehe. Nimekutumia picha ya tangazo inbox na tarehe yake inaonekana.

Bint Sahare: Yameisha. Dada usiende kugombana naye peke yako, na usimwambie kwa simu. Mpigie mumeo kwanza mtumie picha, kisha mkae mbele ya mkubwa wao.

Mzee wa Ngamiani: Nenda kwa mama mkwe. Nenda na kanga mpya mkononi, usianze na picha, anza na salamu.

Mama Pacha: (siku ya nne) Wapendwa narudi kama nilivyoahidi. Baba watoto alimpigia mdogo wake usiku ule ule. Mama mkwe alituita sebuleni, picha ikawekwa mezani, shemeji akasema alikuwa anapima soko tu. Mama hakumjibu, alimuuliza mara moja ile milioni nne iko wapi, akanyamaza kwa muda mrefu. Ilishatumika, alikuwa na deni. Kwa hiyo kurudishiwa hela ilikuwa haiwezekani leo wala kesho, nikaona bora nipambane na gari lenyewe.

Leo tumeipeleka kwa Fundi Mabawa. Kwanza alipita na sumaku mlango kwa mlango, upande wa kulia chini sumaku ikawa inaanguka, ni puti, imekula kutu huko chini maana miaka yote ililala Raskazone inapulizwa na upepo wa bahari. Chini kwenye tenki amelala na tochi, kuko salama. Alipofungua oili ya gia ilitoka nyeusi kama kahawa, inanuka kuungua, mimi mwenyewe niliigusa na kidole. Ameweka HMMF, akaifundisha klachi, tumetoka nayo mpaka Pongwe na kurudi, nimeachia breki mara kumi na tano nahesabu. Kutetema kumepungua sana, hakujaisha. Anasema nikiitumia mjini na kubadilisha oili mapema itanifaa, ila Soni na magunia nisahau.

Tumeandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, bei imeshuka hadi 5.9 na gharama ya oili kwake. Iliyobaki 1.9 namalizia siku kadi inatoka TRA na jina langu, sio kabla. Karoti zitakuwa zinashuka kwa basi mpaka Kange, nitazifuata hapo hapo na kikalio cha nyuma kikiwa kimenyanyuliwa.

Ndinga Safi: Hongera dada, ila siku ukitaka IST nipo.

Mama Pacha: Fundi ile listi yako ya spea nimeipeleka dukani jioni hii, kijana anasema umekosea, injini ya silinda nne haiwezi kutumia plagi 8, kanifungia 4.

Fundi Mabawa: Sijakosea, kila silinda ina mbili, nne mbele nne nyuma. Za nyuma ndio watu hawazibadilishagi kwa sababu ya uvivu. Rudi ukaongeze nne, na aina iwe ile ile.