Bata wangu yuko siku ya 29 juu ya mayai na hakuna hata tundu. Nimtoe?

MlinziWaKiota

Wakuu habari za leo. Nina bata jike mmoja analalia mayai 14 kwenye kona ya banda. Kiota alikitandika mwenyewe, akaking'olea manyoya ya kifuani mpaka kifua kimebaki kipara. Tangu usiku wa kwanza aliolala hapo nimekuwa nikipiga mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi, kama mfungwa. Leo mistari ni 29. Kila ninayemuuliza anasema bata ni siku 28. Jana niliamka mara mbili usiku kwenda kutega sikio. Kimya. Leo tena kimya. Yeye mwenyewe wala hana wasiwasi, nikisogea anatanua mkia na kufoka kama nyoka.

Niseme ukweli kwa nini nina haraka ya kuuliza. Mara iliyopita huyuhuyu alilalia mayai 11. Siku ya 30 nikakata tamaa, nikayakusanya kwenye ndoo na kwenda kuyatupa shimoni. La mwisho likanipasukia mkononi. Ndani mlikuwa na kifaranga mzima, mdomo unafunguka na kufumba, kiini bado kimening'inia tumboni. Alikaa hivyo dakika chache tu. Nyumbani sikumwambia mtu.

Sasa sijui nisubiri mpaka lini. Na je, mayai niyanyunyizie maji? Na dume anayezungukazunguka pale kiotani, ni baba anayelinda au msumbufu?

BataWeupe

Pole mkuu. Siku 28 zikipita hayo ni viza. Toa kabla hayajapasuka, maana ile harufu hutaisahau. Mwache jike apumzike aanze kutaga upya.

BibiMfugaji

Usitoe hata moja! Kwanza nijibu mambo mawili. Usoni ana nyama nyekundu zenye vinundu, kuzunguka macho na juu ya mdomo? Na dume wako, analia "kwa kwa", au anahema tu kama mtu anayepuliza moto?

MlinziWaKiota

Shikamoo bibi. Wekundu upo, na dume ndiye kabisa, utadhani kavaa kinyago. Halii, ni kuhema tu.

BibiMfugaji

Marahaba mwanangu. Basi mtu hajakudanganya, ila alikuwa anazungumzia bata mwingine. Wale weupe wa nyama, na wale wembamba wanaotembea wima kama chupa, ukoo wao ni mmoja na mayai yao huchukua siku 28. Huyu wako mwenye uso mwekundu ni ukoo mwingine kabisa, asili yake Mexico, Amerika ya Kati na ya Kusini. Mayai yake huanza kuanguliwa siku ya 33 na mengine hufika 37. Thelathini na tano ndiyo ya kawaida. Yule wa mkononi mwako alikuwa amebakiza siku tano hivi. Sikuambii ili uumie, nakuambia ili ile ndoo uiweke mbali.

Hesabu yako ya ukutani ni nzuri kwa sababu ulianza usiku aliolala. Wengi huanza na yai la kwanza. Bata anaweza kutaga wiki mbili na zaidi kabla hajaamua kulala, na muda wote huo yai limetulia tu, halijaanza kitu. Ndiyo maana la kwanza na la mwisho huanguliwa karibu pamoja.

Usiku wa leo yamulike. Subiri atoke kwenda kula, chukua tochi ndogo yenye mwanga mkali, ushike yai moja moja na kubana mwanga kwenye upande butu. Kwa umri huu yai zima linapaswa kuwa giza tupu, isipokuwa ule mfuko wa hewa juu, unaong'aa kama kofia. Ukitulia bila kutikisa mkono utaona kivuli kinacheza ukingoni mwa kofia. Huyo ni mtoto. Likiwa linapitisha mwanga kote, halikuwa na mbegu, toa. Likiwa na maji yanayochezacheza ndani, au ganda limetoka jasho, nusa. Likinuka, litoe polepole kwa mikono miwili kama unabeba bomu. Mimi moja lilipasuka chini ya bata, uchafu wake ukayarukia mengine 8. Ganda la yai lina vinyweleo, vijidudu hupita humohumo. Nilipata vifaranga watatu mwaka ule, na blanketi langu la zamani lililokuwa chini ya kiota nililichoma.

Maji usinyunyizie. Yeye ndiye mnyunyizaji. Weka beseni hatua chache kutoka kiotani, kina cha kumwezesha kuzamisha kichwa chote na kujimwagia. Atarudi na tumbo bichi, na unyevu huo ndio mayai yanaoutaka. Bata asiyepata maji ya kuoga hurudi mkavu, utando wa ndani ya yai unakauka, na mtoto anashindwa kugeuka ili akate ganda. Nafaka nzima mpe karibu na hapo. Hutoka mara moja au mbili kwa siku, nusu saa hivi, na mayai kupoa kwa muda huo si tatizo, wala usiyafunike. Akitoka atamwaga tonge moja la kinyesi, kubwa na la harufu ya kufukuza wageni. Haumwi, ni kwamba alijibana siku nzima ili asichafue kiota.

Dume mtoe. Si mlinzi huyo. Jike akitoka kula anampanda, anarudi kachoka na njaa yake.

MkulimaMpole

Niongeze kwa Bibi: angalia sisimizi. Tundu la kwanza likitoboka wanasikia harufu kabla yako. Mimi kiota nilikiinua juu ya tofali na kupaka majivu kuzunguka. Na usiku mshike jike chini ya bawa uangalie utitiri. Wakizidi, bata mwenye subira zote ataacha mayai.

Swali langu: kwa nini asiyahamishie kwa kuku?

BibiMfugaji

Kuku anaweza, lakini mwili wake umezoea siku 21. Wengine huinuka njiani na kuondoka. Tena mayai ya bata ni makubwa, hamudu mengi. Kama jike mwenyewe amekaa, mwache akae.

BataWeupe

Nimerudi kuomba radhi. Mimi nafuga weupe tu, kwangu 28 haizidi, nikadhani bata ni bata.

MlinziWaKiota

Nimemulika. Matatu yalikuwa meupe kabisa, moja linanuka, nimeyatoa. Kumi yana giza. Kwenye yai la sita kivuli kilicheza kama Bibi alivyosema, nikakaa chini pale bandani.

Dume yuko upande wa pili wa wavu, ananuna.

BibiMfugaji

Vizuri. Sasa kabla hawajatoboa utasikia sauti ndani ya yai, wakati mwingine siku moja au mbili kabla. Hapo mtoto ameingiza mdomo kwenye ule mfuko wa hewa. Mama naye utamsikia anajibu, kisauti chembamba ambacho hajawahi kukitoa.

Akitoboa, usimsaidie. Tangu tundu la kwanza mpaka atoke ni saa 24 mpaka 48, na katikati hapo ataonekana kama amelala au amekufa. Hajalala. Damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini, na kiini kinaingizwa tumboni. Kile ulichokiona kikining'inia ndicho hicho. Ukibandua ganda mapema atatoka damu na kufa mbele yako, na safari hii utakuwa umefanya kwa nia njema.

MlinziWaKiota

Siku ya 36, usiku. Wa kwanza alitoboa siku ya 34 jioni. Mpaka sasa wametoka tisa! Mmoja kapanda mgongoni kwa mama akaanguka, akapanda tena. Sijawapa kitu, wako chini yake wote.

La kumi lilitoboka jana asubuhi. Tundu ni lilelile, ukubwa wa punje ya mahindi, halijaongezeka. Sauti ipo ila ndogo. Nimelitazama mara ishirini, sijaligusa.

BibiMfugaji

Hongera mwanangu. Hao tisa wana akiba ya kiini tumboni, siku nzima bila kula haiwadhuru. Beseni libadilishe, weka sahani isiyo na kina na mawe ndani yake, wasije wakazama wakiwa bado wamelegea.

Hilo la kumi lilitoboka saa ngapi jana?

MlinziWaKiota

Saa moja asubuhi.

BibiMfugaji

Basi muda wake haujaisha mpaka kesho saa moja. Mama bado amelilalia?

MlinziWaKiota

Amelilalia. Kalisogeza chini ya kifua, pale penye kipara.

BibiMfugaji

Zima tochi ukalale. Mama akiinuka na wenzake akaliacha, au kesho muda huo upite na utando wa pale kwenye tundu uwe umegeuka kahawia na kukauka kama karatasi, niandikie hapa kabla hujatia kucha. Tutabandua kipande kimoja kimoja, na ukiona damu unaacha.

MlinziWaKiota

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ganda tupu liko nje ya kiota, amelisukuma mwenyewe mama. Nimehesabu vichwa mara tatu kwa sababu hawatulii. Kumi.