Naomba ushauri: redio ya ndege inalia tangu nibadilishe waya

Habari za leo wakuu, nisaidieni nimekwama. Nina kindege cha watu wawili tulichokiunga wenyewe na kaka yangu, injini Rotax 912, tunakiweka uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, Uganda. Mwezi uliopita nilitoa saa zote za zamani (vile vipimo vya mshale) kwenye dashibodi nikaweka skrini moja na redio mpya, waya nikavuta upya zote. Skrini iko poa kabisa ila redio inatoa mlio mwembamba kama mbu sikioni, nikiongeza resi unapanda, nikipunguza unashuka, nikizima jenereta ibaki betri peke yake kimyaaa.

Nimebadilisha hedseti, nimehamisha waya za maiki mbali na za umeme mkubwa, kapasita ya 22,000 µF (ya kulainisha umeme) kwenye regyuleta ya chaji ni mpya, bado tu. Athi (waya wa hasi) ya redio nimeifunga kwenye bodi ya ndege nyuma ya dashibodi, ya hedseti iko sehemu nyingine, hapo ndo nina wasiwasi.

Je, athi zote nizirudishe pamoja kwenye hasi ya betri? Na ule wavu wa kinga unaozunguka waya ya maiki niufunge athi upande mmoja au pande zote mbili? Sirushi mpaka hii iishe, huku karibu na ziwa redio ndo kila kitu.