Tupeane uzoefu: Ukitamani kamera kubwa zaidi, picha zako zinakosa nini hasa?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaopiga picha kwa mapenzi tu, ambao kila toleo jipya la kamera likitangazwa mkono unawasha. Kutamani si kosa, ila hela ni ile ile. Tuwekeane hapa mambo yanayopimika: kifaa gani kinabadilisha picha, kwa kiasi gani, na kipi hakibadilishi kitu hata ukilipa mara mbili. Leteni namba na hatua, sifa za dukani tuziache.

Kabla ya kwenda dukani, yaulize mafaili yako. Kila picha ya kamera, na hata ya simu, inahifadhi urefu wa lenzi, apecha (uwazi wa tundu la lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga). Pakua programu ya ExifTool, ni ya bure, kisha kwenye dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt au Terminal) andika:

exiftool -csv -r -FocalLength -FNumber -ExposureTime -ISO Picha > orodha.csv

"Picha" ni jina la folda yako. Fungua orodha kwenye Excel, panga kwa safu moja moja. Picha nyingi zikiwa zimerundikana mwisho wa zumu, tuseme 55mm, unakosa urefu. Zikiwa ISO 3200 kwenda juu na shata chini ya 1/60, unakosa mwanga. Zikiwa ISO 200, shata 1/250, f/8, na bado hazikuridhishi, basi tatizo ni saa uliyopiga na mahali uliposimama. Hapo hakuna bodi (kamera yenyewe bila lenzi) itakayokusaidia.

Lenzi_Kwanza
Mkuu umeanza vizuri. Niongezee hesabu ya mwanga, maana ndiyo inayowapotosha wengi.

Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi 55mm, uwazi wake wa mwisho ni f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 ukiiweka f/2 inaingiza mwanga mara 8 zaidi. Kwa hiyo ukumbini, pale ambapo ulikuwa unapiga 1/30 kwa ISO 6400 na watu wanatoka wamefifia kwa kutikisika, sasa unapata 1/125 kwa ISO 3200. Picha inasimama, chengachenga zinapungua.

Sasa linganisha na kubadilisha bodi. Kutoka sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C kwenda kubwa ya fulu fremu unapata eneo la sensa kubwa mara 2.3 hadi 2.6 hivi, yaani stopu moja na kidogo (kila stopu ni mwanga mara mbili). Lenzi ndogo ya plastiki imekupa stopu 3. Bodi kubwa imekupa moja, na bado itakudai lenzi mpya.

Angalizo: kwa sensa ya APS-C, ukisimama mita 1.5 kutoka kwa mtu na 50mm kwenye f/1.8, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 6 tu. Jicho la karibu kali, sikio limeyeyuka. Watu wanaisema lenzi "haina fokasi" kumbe wameifungua kupita kiasi. Weka pointi moja ya fokasi, iweke juu ya jicho, funga hadi f/2.8.

Chiku_wa_Picha
Swali kwa wakuu: kwenye Nikon D3500, ile 50mm f/1.8D ya mtumba inafaa? Ina bei nafuu kuliko toleo la G.

Lenzi_Kwanza
Dada Chiku, itakaa na itapima mwanga, ila haitafokasi yenyewe. D3500, kama zote za familia ya D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na lenzi za D hutegemea mota ya bodi. Utazungusha kwa mkono ukiangalia nukta ya kijani kwenye kitafutio (kidirisha cha kuchungulia). Pia funga pete ya apecha kwenye f/22, usipofanya hivyo kamera itaandika fEE na kugoma. Kwa bodi yako tafuta AF-S 35mm f/1.8G DX au AF-S 50mm f/1.8G. Ndani ya nyumba zetu 35mm inafaa zaidi, kwa sababu 50mm kwenye sensa hiyo inakubana kama 75mm, na ukirudi nyuma unakutana na ukuta.

Fundi Mwanga
Kwangu mimi flashi inatangulia kila kitu, na nashangaa inavyosahaulika. Simaanishi ile ndogo ya juu ya kamera. Namaanisha flashi ya mkono ya kurekebisha mwenyewe, mfano Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV. Zote zina redio ya 2.4GHz ndani, kwa hiyo unaweza kuitoa juu ya kamera kwa kuongeza triga (kifaa cha kuiwasha kwa redio) ya kampuni ile ile.

Ndani ya chumba chenye dari jeupe la jipsamu, urefu wa mita 3: kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), shata 1/125, f/4, ISO 800. Flashi M, nguvu 1/8, kichwa kielekee darini na nyuma kidogo, kisimwangalie mtu usoni. Piga. Picha ikiwa nyeusi panda 1/4, ikiwa nyeupe shuka 1/16. Usiguse kingine mpaka upate mwanga sawa.

Yanayoharibika: shata ikizidi 1/200 unapata ukanda mweusi kwenye picha, kwa sababu pazia la shata linakuwa halijafunguka lote flashi inapowaka. Dari la rangi au la mbao linarudisha rangi yake usoni, na weupe wa sura unageuka kijani au hudhurungi. Kwenye nyumba ya mabati bila dari, au ukumbi wa dari la mita 8, kudundisha mwanga darini hakufai. Hapo weka flashi kwenye stendi na mwavuli mweupe, nyuzi 45 pembeni ya mtu, juu kidogo ya kichwa, umbali wa mita 1.5. Betri ziwe AA 4 za kuchaji za NiMH, 2000mAh kwenda juu, na zichajiwe pamoja. Ukichanganya nzima na chovu, zile chovu zinazivuta nyingine na flashi inachelewa kujaa, basi unapiga picha ya tatu gizani.

Bi Kanga
Nadakia hapo hapo kwa Fundi. Malalamiko ya "kamera yangu inatia watu giza" mengi si ya kamera. Kipimo cha kamera kinataka wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, sura inazama. Panda fidia ya mwanga (kitufe cha +/-) +2/3 hadi +1. Akiwa mbele ya pazia jeusi mambo yanageuka, shuka -2/3 ili uso usipauke. Bibi harusi wa shela jeupe na ngozi nyeusi ndiye mtihani: piga RAW (faili ghafi lisilobanwa na kamera), washa alama ya kupepesa ya sehemu zilizoungua kwa mwanga, lilinde shela, kisha inua vivuli kwenye programu za kuhariri kama darktable au RawTherapee, zote ni za bure. Bodi ya fulu fremu inavumilia zaidi kuinuliwa vivuli, hilo ni kweli. Lakini fidia isiyowekwa haiokolewi na bodi yoyote.

Pikseli
Megapikseli kwa ufupi. A4 yenye ubora wa 300 dpi (nukta kwa inchi) ni pikseli 3508 kwa 2480, yaani chini ya megapikseli 9. Kamera ya 24 (6000 kwa 4000) inatoa chapa ya karibu sentimita 50 kwa 34. Na kutoka 12 kwenda 24 upana hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 1.4 tu.

Mbugani
Kwa wanaopenda wanyama, urefu ni hoja ya kweli, maana Serengeti hushuki kwenye gari ukamsogelee simba. Ila anzia chini. 55-250mm kwenye sensa ya APS-C ya Canon (zidisha kwa 1.6) inaona kama 400mm. Picha ya megapikseli 24 ukiikata nusu ya upana na nusu ya kimo inabaki 6, bado inachapika sentimita 25 kwa 17. Hiyo ni sawa na kuongezewa urefu mara mbili bila kununua kitu.

Shata isishuke chini ya 1/400 kwa lenzi hiyo, na mnyama akikimbia panda 1/1000. Mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 za maharage juu ya ukingo wa dirisha unashinda stendi yoyote ndani ya gari, sharti dereva azime injini. Ndege ndio wanaodai 600mm kweli, na lenzi za 150-600mm zina uzito wa kama kilo 2, jiandae. Jua likishapanda sana ardhi inatoa mvuke wa joto na picha ya mbali inachezacheza. Wengi hulaumu lenzi saa hiyo, kumbe hewa ndiyo chanzo. Kipanuzi cha 2x (kifaa cha kuongeza urefu wa lenzi mara mbili) kinakula stopu 2: f/5.6 inakuwa f/11, na DSLR (kamera za kioo ndani) nyingi hapo zinaacha kufokasi zenyewe.

Mkaa Pwani
Watu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Dar: kabla ya kuongeza lenzi ya pili, nunua sanduku. Fangasi wanaota kwenye kioo unyevu ukizidi asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, na wakikaa wanatoa asidi inayochora rangi ya kinga ya kioo. Kusafisha kunaondoa uzi, alama inabaki.

Chukua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, lita 10, tia gramu 250 za silika jeli ya rangi ya chungwa na kipima unyevu kidogo cha betri. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chembe zikigeuka kijani, zitandaze kwenye sinia, tia ovenini nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 3, zitarudi rangi yake. Usihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi, unashika unyevu. Na ukitoka kwenye chumba cha AC kwenda nje, kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa nusu saa, la sivyo ukungu unatanda hadi ndani.

Mtumba Safi
Ukiamua kununua mtumba, iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, nenda na tochi, kadi yako na kompyuta ndogo.

Bodi: hesabu ya shata. Nikon huiandika ndani ya picha yenyewe, ExifTool inaisoma. Canon nyingi hazifanyi hivyo, unahitaji programu na waya wa USB. Canon 6D ilikadiriwa 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 150,000. Ni makadirio, nyingine hufa kabla na nyingine huvuka mbali. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/22: madoa ni vumbi la sensa, mistari ni mikwaruzo. Piga na kifuniko kwenye lenzi, sekunde 10, utaona pikseli zinazowaka zenyewe gizani. Kamera ya kadi za CF (CompactFlash, zile pana za zamani), mulika ndani uone pini zilizopinda.

Lenzi: fungua apecha yote, mulika tochi kwa pembeni kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni fangasi, iache. Piga ukuta wa matofali kwa apecha wazi, linganisha kona nne. Kona moja ikiwa laini peke yake, vioo vimehama, huenda lenzi ilianguka. Mwisho weka f/11, piga kila urefu wa zumu. Kamera ikitoa kosa la mawasiliano sehemu moja tu ya zumu, waya bapa wa apecha unakatika.

Chiku_wa_Picha
Asanteni sana wakuu, nachukua 35mm ya G. Na kadi? Kuna za 128GB zinauzwa bei ya 32GB.

Mtumba Safi
Dada, hizo zipime kabla ya kupigia hata picha moja. Kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux au Mac tumia F3, zote za bure. Programu inaijaza kadi yote kisha inasoma upya. Kadi bandia inajitangaza 128 lakini ina 8 ndani, na picha zote za baada ya hapo zinaandikwa juu ya nyingine au kupotea. 128GB huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba ikishindwa anairudisha. Kwa D3500 ya picha za kawaida, 32GB mbili halisi zenye alama ya kasi ya U1 zinatosha. V30 (alama ya kasi kubwa zaidi) ina maana ukianza video ya 4K, na bodi yako haina.