Kuchora mistari ya uwanja wa mpira shuleni: chokaa ipi, na vipimo vianzie wapi?

Mwalimu wa Michezo: Wadau, habari zenu. Uwanja wetu ni mita 100 kwa 64, nusu majani, nusu udongo mtupu. Mistari ya chokaa inafutika mvua ikinyesha, na wanafunzi wanaochora wanalalamika macho kuwasha. Tutumie nini? Na tunapimaje ili pembe zisiende upande?

Kibendera: Mwalimu, anzia kona moja. Kutoka kwenye kigingi pima mita 12 upande mmoja na 9 upande wa pili; umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa 15 kamili, pembe ni mraba (nyuzi 90). Ukishaweka kona zote nne, pima mshazari: kwa uwanja wako kila mmoja uwe mita 118.7. Ikitofautiana, rekebisha kabla ya kumwaga chochote. Pima kwa futikamba. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa, hiyo ni ya kunyooshea mstari tu.

Boksi kubwa huanzia upande wa ndani wa mlingoti: 16.5 kwenda pembeni, 16.5 kuingia uwanjani. Upana wote ni 40.32. Boksi dogo hupimwa vilevile kwa 5.5, nukta ya penalti ni 11 kutoka mstari wa goli, duara la kati nusu kipenyo 9.15. Kosa ninaloliona viwanja vingi ni ule upinde wa mbele ya boksi: watu wanazungusha kamba kutoka kwenye mstari wa boksi, kumbe inazungushwa kutoka nukta ya penalti, 9.15 vilevile. Ncha yake ya mbele iwe mita 20.15 kutoka mstari wa goli.

Upana wa mistari yote uwe mmoja, usizidi sentimita 12, na mstari wa goli ulingane na unene wa milingoti. Vipimo hufika ukingo wa nje, kwa sababu mstari ni sehemu ya eneo lake. Beki akicheza faulo juu ya mstari wa boksi, ni penalti.

Fundi Rangi: Hayo macho yasipuuzwe. Chokaa iliyozimwa ikipata jasho au machozi huunguza, na ile hai ya mabonge, ambayo haijazimwa kwa maji, isiingie uwanjani kabisa. Ikimwingia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali.

Tumia rangi ya maji nyeupe, kipimo kimoja kwa kimoja cha maji, uchuje kwa kitambaa. Majani yakatwe mafupi na yawe makavu. Kwenye udongo nyunyiza maji kidogo kwanza, usubiri yanywewe. Rangi ikikaa juu ya vumbi inabanduka nalo. Mistari yote ni karibu mita 695, nunua kwa hesabu hiyo.

Mwalimu wa Michezo: Asanteni sana. Kuna aliyeshauri oili chafu, au kuchimba kifereji.

Kibendera: Vyote hapana. Oili inaua majani na kuharibu udongo, kifereji kinavunja miguu. Acha vigingi vya kona vimezama chini ya usawa wa ardhi, mkirudia msipime upya.