Mafundi wa Dodoma, giaboksi mnashusha ya nini wakati tatizo ni upepo kwenye mafuta ya klachi?

Wakuu, nina hasira na leo nasema yote. Pikapu yangu ndiyo jembe langu, natoa mahindi Kibaigwa naleta Majengo. Wiki tatu zilizopita narudi na mzigo, nafika viwanja vya Nanenane klachi ikazama. Pedali inashuka mpaka kwenye kapeti na hairudi, naiinua kwa ncha ya kiatu. Nikipampu mara tatu nne, gia inaingia. Nikituliza mguu, rivasi inasaga.

Nikaipeleka gereji. Fundi hata boneti hakufungua. "Bosi, klachi pleti imeisha hiyo." Nikamwambia gari linavuta vizuri na gunia zote mgongoni. Pleti ikiisha klachi inateleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Yangu ilikuwa inashindwa kuachia, jambo tofauti kabisa! Hakunisikiliza. Wakashusha giaboksi, wakafunga pleti, presha pleti na beringi mpya. Siku tatu, sh 420,000.

Kesho yake asubuhi pedali ikazama tena.

Nikarudi, wakaniambia itazoea. Nilipogoma ndipo wakatoa upepo, na walivyoutoa ndivyo vilivyonichoma zaidi. Kijana aliye ndani ya gari anaachia pedali wakati nati ya chini, ile ya kutolea upepo, bado iko wazi, yaani upepo unatoka na kuingia palepale. Kikopo cha mafuta cha juu kikakauka, masta (pampu ya mafuta ya klachi) ikavuta hewa upya. Halafu wakajazia kitu kutoka chupa ya soda isiyo na lebo. Klachi hii inatumia mafuta ya breki, nayo yananyonya unyevu wa hewani, na ikiwa kwenye chupa ile mlikuwa na oili ya injini, mipira ya masta inavimba na kuharibika. Hilo fundi anakosaje kulijua?

Aliyenisaidia ni mzee jirani yangu Chang'ombe, dereva mstaafu wa malori. Alilala chini ya gari, akafunua kile kimpira cha vumbi kwenye masta ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye giaboksi. Kidole kikatoka kimelowa, cheusi tii. Kumbe inavujia humo! Tukanunua ripea kiti (seti ya mipira mipya) na kopo jipya la mafuta ya breki DOT 3, tukamwaga uchafu wote, tukafunga mipira. Akavalisha mpira wa dripu kwenye nati, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mimi napampu taratibu, nashikilia chini, namwambia "tayari". Anafungua, anafunga, ndipo ananiruhusu kuachia. Kila baada ya mara nne tano tunaongeza juu kabla kikopo hakijaisha. Mapovu yalikuja makubwa kama punje za mtama, yakawa madogo, yakakoma. Pedali ikawa ngumu, inaachia pale juu kama zamani. Haikufika saa nzima, na vifaa vyote havikuzidi sh 30,000.

Pleti ya zamani ninayo, niliidai. Ribiti zinazoshikilia lainingi, ile sehemu inayosuguana na kulika, bado zimezama, ukipitisha kucha unaisikia lainingi imesimama juu yake. Ilikuwa na kazi ya miaka mbele.

Ningekuwa nimesomesha mtoto muhula mzima kwa hela ile. Jumatatu nakwenda pale na pleti yangu mkononi, nataka pesa ya ufundi irudi. Aliyewahi kudai akalipwa aniambie alianzia wapi.